Mzazi, iunganishe pedi ya gemu mwenyewe kabla hujamkabidhi mtoto

Malipo ya kahawa yanapoingia, maduka ya Mbinga mjini huchangamka. Kuna anayenunua mabati, kuna anayelipa madeni ya mbolea, na kuna anayetafuta sare za shule. Siku hizi yupo pia mzazi anayeulizia mashine ya gemu iliyotumika, na mara nyingi sababu yake ni moja: mtoto akitoka shule haonekani nyumbani. Yuko kwenye kibanda cha gemu, na hela ya daftari imeishia huko.

Chukua mfano wa baba anayerudi kijijini na PlayStation 4 ya mtumba pamoja na vidhibiti viwili vya mkononi visivyo na waya, vile ambavyo watoto huviita pedi. Anaiunganisha mashine na runinga, inawaka. Anabonyeza pedi, taa inameta kidogo kisha inazimika. Anajaribu tena, ni vilevile. Moyoni anasema ametapeliwa.

"Baba, lete nijaribu," mtoto wa miaka 12 anamwambia.

"Haya, wewe ndiye mtaalamu."

Dakika 10 baadaye gemu inachezwa na nyumba nzima inafurahi. Lakini katika dakika hizo baba amekabidhi kitu kikubwa kuliko pedi. Mtoto sasa ndiye anayejua mashine inavyowashwa, inavyozimwa na kilichomo ndani yake. Wiki mbili baadaye, baba akitaka kutazama taarifa ya habari, inabidi aombe.

Kununua gemu si kosa. Kosa ni kumwachia mtoto ujuzi wote. Kuunganisha pedi ni kazi ndogo, na mzazi anayeweza kutuma pesa kwa simu hawezi kushindwa nayo.

Pedi isiyo na waya huanza na waya

Pedi na mashine huwasiliana kwa Bluetooth, teknolojia ileile inayounganisha simu na spika. Pedi ya PlayStation 4 hukumbuka mashine moja tu, ile iliyounganishwa nayo mara ya mwisho. Ya mtumba bado inamtafuta bwana wake wa zamani, pengine mashine ya kibandani. Ndiyo maana taa humeta na kuzimika, na si lazima iwe mbovu.

Dawa yake ni waya wa USB wenye kichwa kidogo, kama wa kuchajia simu za zamani. Washa mashine, chomeka upande mmoja kwenye mashine na mwingine kwenye pedi, kisha bonyeza kitufe cha katikati chenye nembo ya PS. Taa ikitulia bila kumeta, pedi imetambuliwa. Chomoa waya, cheza. Rudia hivyohivyo kwa pedi ya pili. PlayStation 4 hupokea hadi pedi nne kwa wakati mmoja.

Ikigoma, badilisha waya kwanza. Kuna waya zinazopitisha chaji tu bila mawasiliano, na hizo huwasumbua wengi. Ikigoma tena, zima mashine, geuza pedi na utafute kitundu kidogo mgongoni, karibu na kitufe cha L2. Ingiza pini taratibu, bonyeza kwa sekunde tano, kisha anza upya na waya.

PlayStation 5 hufuata njia hiyohiyo, ila waya wake ni wa aina ya C. Kwa Xbox, bonyeza kitufe kidogo cha kuunganisha kwenye mashine, kisha shikilia kile cha kwenye pedi mpaka taa imete harakaharaka. Pedi za kawaida za Xbox hutumia betri mbili za AA, hivyo zikumbuke katika bajeti.

Dukani, usilipe kabla ya kujaribu. Fungua gemu ya mpira, weka pedi mezani, usiiguse. Mchezaji akitembea mwenyewe, vijiti vya kuongozea vimechoka. Bonyeza kila kitufe, kisha omba uone pedi ikiingia chaji.

Kwenye simu inawezekana

Familia isiyo na mashine inaweza kutumia pedi hiyo kwenye simu. Simu za Android kuanzia toleo la 10, na iPhone kuanzia iOS 13, huitambua pedi ya PlayStation 4. Shikilia pamoja kitufe cha SHARE na kile cha PS mpaka taa imete haraka, fungua Bluetooth ya simu, kisha chagua jina Wireless Controller. Si kila gemu ya simu hukubali pedi, kwa hiyo ihakikishe gemu kabla ya kununua. Na pedi ikishaunganishwa na simu, itaisahau mashine. Ukiirudisha, utahitaji waya tena.

Ziwani kuna mambo yake

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni takribani kilomita 66 za lami, zikishuka kutoka baridi ya milimani hadi joto la Ziwa Nyasa. Betri ya pedi haipendi jua kali, hivyo usiiache dirishani wala kwenye dashibodi ya gari. Mchanga wa ufukweni nao ukiingia kwenye vijiti, huviharibu. Mtoto anayetoka kuogelea anawe na kujikausha mikono kwanza.

Pedi ya PlayStation 4 iliyoisha kabisa hujaa chaji kwa takribani saa mbili. Umeme ukikatika mara kwa mara, ichajiwe mapema badala ya kusubiri izime katikati ya mchezo, maana hapo ndipo ugomvi wa watoto unapoanzia.

Lakini kubwa zaidi pwani ya ziwa ni usiku. Baba anapokwenda kuvua usipa kwa taa, mama hubaki peke yake na watoto.

"Mama, baba alisema leo tunacheza mpaka saa nne."

"Baba yako yuko ziwani. Hapa saa mbili ni saa mbili. Lete pedi."

Mama huyu ataweza kusema hivyo kwa uhakika ikiwa naye anaijua mashine, na ikiwa sheria ilipangwa na wazazi wote wawili kabla baba hajasukuma mtumbwi.

Pedi ndiyo ufunguo

PlayStation na Xbox zina mipangilio ya wazazi ya kuweka muda wa kucheza na kufungia gemu zisizofaa. Mipangilio hiyo huhitaji akaunti na nywila ya mzazi, na baadhi yake huhitaji intaneti. Nyumba isiyo na bando ina kufuli rahisi zaidi: pedi yenyewe. Inatosha mfukoni. Muda ukiisha, iingie kabatini kwa mzazi, ichajiwe hukohuko.

Kabla ya hapo, pitia orodha ya gemu zilizomo. Mashine za mtumba huja na gemu za mwenye nazo wa zamani. Kasha la gemu nyingi lina namba ya umri: FIFA imepewa 3, Grand Theft Auto V imepewa 18. Mashine ikija bila makasha, ni juu ya mzazi kufungua gemu mojamoja na kuitazama.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na pungufu ya hapo ni bora. Tangu 2022, orodha yake ya magonjwa inautambua uraibu wa gemu. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuweka gemu mbele ya kila kitu na kuendelea hata inapoleta madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Mtoto anayelia kidogo akinyang'anywa pedi si mraibu. Anayeacha kula, kulala na kusoma kwa muda mrefu anahitaji msaada.

Halafu kuna ile pedi ya pili. Wengi huinunua kwa ajili ya rafiki wa mtoto, lakini mara moja kwa wiki ishikwe na mzazi. Baba atafungwa mabao matano kwa bila, atachekwa, na katikati ya kicheko hicho mtoto atasimulia mambo ya shule ambayo asingeyasema akiulizwa mezani. Kibandani mtoto alikuwa akilipia mchezo na watu wa kucheza nao. Nyumbani mashine pekee haitoshi kumrudisha. Mtu wa kucheza naye awepo pia.