Goma: Namna mikrobe zinavyoshinda antibiotiki

Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi kati ya 500,000 na 800,000 kutoka Rwanda waliingia Goma na pembeni yake. Ndani ya mwezi mmoja, karibu watu 50,000 walikufa, wengi kwa kuhara. Kwanza kipindupindu, kisha kuhara damu. Dawa zilikuwepo, lakini mikrobe ya kuhara damu, Shigella, haikusikia tena antibiotiki nyingi za kawaida, tetrasiklini ikiwemo.

Inakuwaje? Si mwili wa mtu unaozoea dawa, ni mikrobe. Kati ya mamilioni, chache zinazaliwa na badiliko linalozilinda. Dawa inaua zingine. Hizo zinabaki, zinazaana, zinachukua nafasi yote. Tena zinaweza kupitisha kinga hiyo kwa mikrobe za aina ingine.

Ndiyo maana kunywa kapsuli mbili za tetra kwa ajili ya mafua ni hatari. Mafua ni virusi, antibiotiki haivigusi; lakini tumboni inaachia nafasi mikrobe sugu.

Basi, upimwe kwanza, na ufuate dozi uliyoandikiwa na munganga. Maji safi na sabuni pia ni kinga: asiyeugua hahitaji antibiotiki.