Bustani ya Kwanza Hupimwa kwa Debe

Endebess ni nchi ya mahindi. Mtu atokaye Kitale na kushika njia ya kuelekea Mlima Elgon, mwendo wa kama kilomita 20, hupita mashamba ya mahindi mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Udongo ni mwema na mvua ya masika ni nyingi. Walakini katika nchi hiyo hiyo zimo nyumba zenye magunia ya mahindi ghalani, na watoto wake hula ugali kwa chumvi mwezi wa Februari.

Sababu yake si uvivu. Mvua ya huko huja kwa msimu mmoja mrefu. Huanza Machi au Aprili, hupungua Oktoba na Novemba, kisha jua huwaka mpaka mwaka mwingine uanze kunyesha. Mahindi ya nyanda za juu nayo hukaa shambani miezi sita au zaidi, hivyo jamaa huvuna mara moja tu kwa mwaka. Mara mavuno yakishaanikwa, karo ya Januari hubisha hodi, na magunia huuzwa wakati bei imeshuka, kwa kuwa kila jirani anauza. Fedha inayosalia huisha kidogo kidogo sokoni kwa kununua mboga za kila siku.

Tena, anayetegemea zao moja hana kinga. Viwavijeshi vyenye asili ya bara la Amerika vilipoingia Kenya mwaka 2017, mashamba ya Trans Nzoia yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kushambuliwa. Mwenye bustani nyuma ya jiko hakuokolewa na hasara ya mahindi, lakini alikuwa na kitu cha kutia chunguni siku ile ile.

Kwa nini bustani nyingi hufa

Wengi wamejaribu kulima mboga nyumbani wakakata tamaa, na kosa lao ni moja. Wakati wa mvua, udongo ukiwa laini na nguvu zikiwapo, mtu hulima sehemu kubwa na kupanda kila namna ya mbegu. Miche hustawi, naye hufurahi. Desemba ikifika, mvua hukoma, na ndipo ajuapo kwamba amelima zaidi ya maji aliyo nayo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Kwa hiyo yampasa mwanzilishi kuuliza swali moja kabla ya kushika jembe: Je, nyumba hii yaweza kutoa madebe mangapi ya maji kila siku katika mwezi wa Januari? Tuta lenye upana wa futi 4 na urefu wa futi 12 huhitaji kama debe moja la maji, yaani lita 18 hivi, kila siku ya jua kali. Nyumba iwezayo kutoa debe moja, na ianze na tuta moja. Iwezayo madebe mawili, na iwe na matuta mawili. Matuta matano ni madebe matano, na mara nyingi madebe hayo hubebwa kwa kichwa cha mama au cha binti kutoka mtoni. Si haki mwanamume kupima bustani kwa nguvu za mikono yake, kisha kumwachia mwingine mzigo wa kuinywesha.

Maji yaweza kuwekwa akiba. Paa la mabati lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5 hupokea lita 750 mvua ya milimita 25 inyeshapo. Mapipa matatu ya lita 200 yakijazwa na mvua za mwisho, ni maji ya tuta moja kwa muda wa mwezi mzima. Mapipa yafunikwe vizuri, mbu wasizaliane ndani na watoto wasitumbukie. Maji yaliyooshea mboga na mchele yasimwagwe njiani, yapelekwe bustanini.

Kutengeneza tuta

Mahali pafaapo ni karibu na mlango wa jikoni, penye jua, na pawe na ua wa kuzuia kuku na mbuzi. Upana usizidi futi 4, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila mguu kukanyaga udongo uliolainishwa.

Namna iliyo bora ni kulima kwenda chini kuliko kulima kwenda mbali. Chuo cha kilimo cha Manor House, karibu na Kitale, kilichoanzishwa mwaka 1984, kimejulikana kwa kufundisha njia hii. Udongo wa juu huchimbwa kina cha futi moja na kuwekwa kando. Udongo wa chini haugeuzwi, bali hulegezwa futi nyingine moja kwa jembe lenye meno. Kisha udongo wa juu huchanganywa na samadi na kurudishwa. Mizizi hupata kwenda chini palipo na unyevu, wala miche haisongamani kugombea chakula.

Madebe mawili au matatu ya samadi yatosha kwa tuta moja. Lakini samadi iwe imeoza barabara, kama miezi mitatu chini ya kivuli, kwa maana samadi mbichi huunguza mizizi. Asiye na ng'ombe aweza kufanya mboji kwa kupanga tabaka za majani mabichi, majani makavu, majivu kidogo na takataka za jikoni, akilinyunyizia maji fungu hilo na kuligeuza mara kwa mara.

Mboga za kuanzia

Mwanzilishi asianze na nyanya. Katika baridi na unyevu wa Endebess, ugonjwa wa ukungu waweza kuyafanya majani yake kuwa meusi na kumaliza tuta zima kwa siku chache. Sukuma wiki, mnavu na mgagani ni walimu wapole zaidi.

Sukuma wiki hupandwa kwanza kitaluni, na miche huhamishwa ikiwa na majuma manne hadi sita, jioni, baada ya kitalu kunyweshwa. Nafasi iwe futi 2 kati ya mistari na futi moja na nusu kati ya mche na mche. Katika tuta moja mtaingia miche 16. Kila mche ukitoa majani matatu kwa juma, hayo ni majani 48, yaani mboga ya jioni mbili kwa nyumba ya kiasi. Yavunwe majani ya chini. Ya juu yaachwe yaendelee kukua.

Mnavu, ambao wengi huuita managu, na mgagani, ambao huitwa saga, ni mboga za wenyeji. Kwa muda mrefu zilidharauliwa kuwa chakula cha maskini, lakini wataalamu, akiwamo Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, wameonyesha kwamba zina lishe nyingi. Mbegu zake ni ndogo sana, basi zichanganywe na mchanga mkavu ili zisimwagike mahali pamoja. Maua ya mgagani yakichumwa mapema, majani huendelea kuchipua.

Baada ya kupanda, udongo ufunikwe kwa nyasi kavu au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, ili jua lisinyonye unyevu. Kunywesha ni asubuhi mapema au jioni. Wakionekana vidukari, wale wadudu wadogo wakaao chini ya majani, waoshwe kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha majani yasafishwe vema kabla ya kupikwa.

Wakati wa kuanza

Watu wa huko wamezoea kupanda kila kitu mvua ya kwanza inyeshapo. Lakini Aprili mikono yote imo shambani, na bustani changa husahauliwa. Yafaa zaidi mwanzilishi aoteshe miche Agosti au mwanzo wa Septemba, palizi ikiwa imekwisha, na kuihamisha mwishoni mwa Septemba au mwanzo wa Oktoba. Mvua ya mwisho itamsaidia kuikuza, na jua la Desemba litaikuta imeshika mizizi. Hapo ataanza kuchuma wakati mboga zimekuwa haba sokoni.

Tuta moja likipita Januari na Februari bila kukauka, mwaka unaofuata liongezwe la pili. Likikauka, lisiongezwe, bali itafutwe kwanza njia ya maji. Kwa njia hiyo bustani itakua kwa kadiri ya nyumba yenyewe, na mtoto atakula ugali wake kwa mboga hata wakati wa kiangazi.