Mzigo wa moyo huumiza mwili

Je, kichwa hukuuma karo na kodi ya nyumba zinapokaribia? Mabega hukaza baada ya kugombana na mkubwa wako kazini? Umepimwa ukaambiwa huna ugonjwa wowote? Usidhani unajisingizia. Maumivu hayo ni ya kweli.

Mtu akiwa na hofu, hasira au majonzi, ubongo huutayarisha mwili kukabili hatari. Homoni za adrenalini na kotisoli huongezeka, moyo hupiga mbio na misuli ya shingo, mabega na mgongo hukaza. Hatari ikipita, misuli hulegea. Lakini dhiki ikidumu kwa miezi, misuli haipumziki, usingizi hupungua, na aliyekosa usingizi huumia upesi zaidi.

Tiba ya homeopathia

Wengi wenye shida hii hujaribu homeopathia, tiba ambayo misingi yake iliandikwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, mwaka wa 1796. Aliamini kwamba kitu kinachomletea mtu mwenye afya dalili fulani kinaweza kumponya mgonjwa mwenye dalili kama hizo. Aliyepatwa na maumivu baada ya msiba, kwa mfano, huenda akapewa Ignatia, itokanayo na mbegu zenye sumu ya strikinini.

Hata hivyo, dawa iliyoandikwa 30C imezimuliwa sehemu moja kwa 100, mara 30. Kufikia hapo, ni vigumu kupata hata chembe moja ya mbegu hiyo. Unachomeza hasa ni sukari. Mwaka wa 2015, baraza la taifa la utafiti wa tiba nchini Australia lilipitia uchunguzi uliokuwapo, na halikupata ushahidi wa kutegemewa kwamba homeopathia hutibu ugonjwa wowote.

Mbona basi wengine hupata nafuu? Maumivu ya aina hii huja na kupungua yenyewe, na kuwa na matumaini husaidia. Tena, mganga wa homeopathia mara nyingi hukaa na mgonjwa saa nzima, akimwuliza kuhusu usingizi, ndoa, kazi na misiba. Sisi madaktari, foleni ikiwa ndefu, humpa mgonjwa dakika chache tu. Kusikilizwa huko kuna faida, lakini hakuhitaji tembe za sukari.

Ufanye nini?

Mweleze daktari wako mambo yaliyotokea nyumbani au kazini maumivu yalipoanza. Andika siku yanapokuja. Tembea kila siku, lala kwa saa zile zile, na utafute mtu wa kumweleza yaliyo moyoni. Usimeze dawa za maumivu ovyo: kuzitumia siku 15 au zaidi kila mwezi kunaweza kuzidisha maumivu ya kichwa.

Nenda hospitalini mara moja kifua kikikubana, kichwa kikiuma ghafla kupita kiasi, ukiwa na homa na shingo ngumu, upande mmoja wa mwili ukilegea, au mgongo ukiuma huku miguu ikikosa nguvu. Hayo usiyaite mawazo tu. Na usiache dawa za presha au kisukari kwa ajili ya tembe zozote.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Majonzi nayo ni maradhi, usiyafiche.