Mafuta ya kujikinga na jua: Jinsi ya kuchagua yanayokufaa

Saa sita mchana katika mabwawa ya chumvi ya Gongoni na Marereni, jua halimpigi mfanyakazi kutoka juu pekee. Mwanga hurudishwa na maji na chumvi nyeupe, ukamfikia usoni hata akiwa amevaa kofia. Mvuvi wa Ngomeni, mwendeshaji bodaboda wa Mtwapa na mama anayeuza matunda kando ya barabara Mariakani wanalijua joto hilo vyema. Wasichokiona ni miale ya urujuanimno, maarufu kama UV, ambayo ndiyo huharibu ngozi.

Kaunti ya Kilifi iko karibu na ikweta, na kwa muda mwingi wa mwaka miale hiyo huwa mikali sana kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mawingu hayaizuii yote. Hadi asilimia 80 yaweza kupenya wingu jepesi. Kuna njia rahisi ya kujua ukali wake bila kifaa chochote: tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko kimo chako, ni wakati wa kujikinga.

Je, ngozi nyeusi inahitaji mafuta haya?

Wakazi wengi huamini kuwa mafuta ya kujikinga na jua ni ya watalii wa Watamu na Malindi. Ni kweli kwamba melanini, rangi ya asili ya ngozi, ni kinga. Inakadiriwa kuwa ngozi nyeusi sana hujikinga kwa kiwango cha takriban SPF 13. Kwa hivyo hatari ya saratani ya ngozi inayotokana na jua ni ndogo kwa Mwafrika mwenye ngozi nyeusi.

Hata hivyo, kinga hiyo ina mipaka. Jua huongeza madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi, na pia mabaka ya usoni ambayo kina mama wengi hupata wakati wa ujauzito. Baadhi ya dawa, zikiwemo doxycycline, septrin na hydrochlorothiazide ya shinikizo la damu, zaweza kuifanya ngozi iungue upesi. Anayetumia dawa hizo asiache kuzimeza. Amuulize mhudumu wa afya namna ya kujikinga.

Walio katika hatari zaidi ni watu wenye ualbino. Ngozi yao ina melanini kidogo mno au haina kabisa, na saratani ya ngozi yaweza kuwapata wakiwa bado vijana. Kwao mafuta haya ni kinga ya uhai, sawa na neti kwa anayeishi penye mbu.

Wanaotumia krimu za kujichubua nao hujiondolea kinga waliyozaliwa nayo. Krimu zenye zebaki au hydroquinone zimepigwa marufuku nchini.

Soma maandishi kwenye chupa

Kuna mambo manne ya kuangalia kabla ya kulipa.

Kwanza, nambari ya SPF. Hii huonyesha kinga dhidi ya miale ya UVB inayounguza ngozi. SPF 15 huzuia takriban asilimia 93 ya miale hiyo, SPF 30 asilimia 97, na SPF 50 asilimia 98. Kwa wakazi wengi SPF 30 inatosha. Mtu mwenye ualbino achague SPF 50 au zaidi.

Pili, maneno "broad spectrum" au alama ya UVA iliyozungushiwa duara. Yanamaanisha kuwa mafuta hayo huzuia pia miale ya UVA, ambayo hupenya ndani zaidi na kuzeesha ngozi. SPF peke yake haielezi lolote kuhusu UVA.

Tatu, uwezo wa kustahimili maji. Mvuvi, muogeleaji na yeyote anayetokwa na jasho jingi atafute yaliyoandikwa "water resistant". Hayo hudumu kwa dakika 40 au 80 ndani ya maji, kisha hupakwa upya.

Nne, tarehe ya mwisho ya matumizi na nembo ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS). Chupa isiyo na tarehe, au ambayo maandishi yake yamekwanguliwa, isinunuliwe hata ikiwa bei yake ni nafuu.

Aina mbili kuu

Kuna mafuta ya madini, yenye zinki au titani, ambayo huanza kukinga mara yanapopakwa. Hayawashi sana, hivyo huwafaa watoto na watu wenye ngozi nyepesi kudhurika. Kasoro yake ni kuwa huacha weupe kama wa majivu kwenye ngozi nyeusi. Yale yaliyotiwa rangi ya kahawia hupunguza tatizo hilo, na huwasaidia zaidi wenye mabaka usoni.

Aina ya pili hutumia kemikali zinazofyonza miale. Haya hayaachi weupe, lakini yapakwe dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka nje. Wenye ngozi ya mafuta na chunusi wachague jeli au losheni nyepesi, na wenye ngozi kavu wachague krimu nzito.

Watoto walio chini ya miezi sita wasipakwe. Wakae kivulini na wavalishwe nguo nyepesi zinazowafunika.

Kiasi na gharama

Kosa linalofanywa na wengi ni kupaka kidogo. Uso, masikio na shingo huhitaji takriban kijiko kimoja cha chai, na mwili mzima takriban mililita 30. Yapakwe upya kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Kwa hesabu hiyo, chupa ya mililita 100 ikitumika usoni na shingoni mara mbili kwa siku huisha kwa siku kumi.

Si kila familia itamudu gharama hiyo. Ndiyo maana nguo hutangulia: shati la mikono mirefu, kofia yenye ukingo mpana, leso, mwavuli na kivuli cha mwembe. Mafuta yabaki kwa sehemu ambazo nguo hazifiki. Chupa isiachwe chini ya kiti cha pikipiki au ndani ya gari, kwa kuwa joto huyaharibu mafuta.

Kwa watu wenye ualbino, Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu (NCPWD) lina mpango wa kuwapa mafuta ya kujikinga na jua bila malipo kupitia hospitali za umma. Ili kunufaika, mtu anapaswa kusajiliwa na baraza hilo. Wazazi wenye watoto wenye ualbino wanahimizwa kuwasajili mapema, bila kusubiri waanze shule.

Usisubiri maumivu

Mafuta hayazuii kila saratani ya ngozi. Kwa watu weusi, saratani aina ya melanoma mara nyingi hutokea kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha, sehemu zisizopigwa na jua. Mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, alianza kuugua ugonjwa huo kwenye kidole cha mguu.

Mkazi yeyote mwenye kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, doa linalobadilika rangi au ukubwa, au mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha mmoja, afike katika zahanati au hospitali iliyo karibu naye. Saratani ya ngozi ikigunduliwa mapema, mara nyingi hutibika.