Rangi ya viti yaweza kumeza faida ya gari la kale

MNUNUZI wa gari la kale la Kimarekani akifika mnadani, kazi yake ya kwanza ni kufungua boneti. Atasoma namba za injini, atakagua gia boksi, kisha atainama kutafuta kutu chini ya bodi. Ni wachache wanaoanza kwa kufungua mlango na kuuliza: je, rangi hii ya viti ndiyo iliyotoka kiwandani?

Swali hilo huonekana kuwa la mapambo tu. Hata hivyo, katika soko la magari ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli, jibu lake laweza kugeuza faida kuwa hasara.

Magari hayo ni yale ya bei ya kawaida, mengi yakiwa ya milango miwili, yaliyofungwa injini kubwa ili yashindane kwa kasi. Wengi huhesabu mwanzo wake kuwa Pontiac GTO ya 1964, yenye injini ya lita 6.4. Ford Mustang ilizinduliwa Aprili mwaka huo huo, kisha zikafuata Chevrolet Camaro, Plymouth Road Runner, Dodge Challenger na nyinginezo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 gharama za bima zilipanda, sheria za moshi zikabana, na mgogoro wa mafuta wa 1973 ukamalizia. Viwanda vilipoacha kuyaunda, yale yaliyobaki yakageuka kuwa mali ya kuhifadhi.

Juni 2014, Plymouth Hemi 'Cuda ya 1971 yenye paa la kukunja iliuzwa dola milioni 3.5 katika mnada wa Mecum mjini Seattle. Januari 2020, kampuni hiyo hiyo iliuza mjini Kissimmee, Florida, Mustang ya 1968 iliyotumika katika filamu ya Bullitt. Nyundo iligonga kwenye dola milioni 3.4, pamoja na ada ya mnunuzi, bei ikafika dola milioni 3.74. Familia iliyoliuza ililinunua dola 6,000 mwaka 1974.

Jambo la kuzingatia kwa mwekezaji ni kwamba Mustang hiyo haikuwa imekarabatiwa. Ilipanda jukwaani na mikwaruzo yake. Kilichouzwa hapo hakikuwa chuma peke yake, bali ushahidi wa gari lilivyokuwa.

Kanuni hiyo hiyo hutawala magari ya bei ndogo. Mnunuzi hulipa zaidi pale ambapo gari na kumbukumbu zake vinasema neno moja. Rangi ya ndani ni sehemu ya neno hilo, na ndiyo rahisi kuliko zote kukaguliwa.

Kibati ndicho shahidi wa kwanza

Kila kiwanda kikubwa cha Marekani kiliacha maandishi yanayoonyesha rangi ya ndani. Tatizo ni kujua pa kuyatafuta.

Kwa magari ya General Motors, kipo kibati kilichopigwa ribiti kwenye ukuta unaotenga chumba cha injini na dereva. Juu yake zimo alama za rangi ya nje na za mapambo ya ndani. Ford walibandika kibati chao kwenye mlango wa dereva. Chrysler, waundaji wa Plymouth na Dodge, walikifunga chini ya boneti, upande wa ndani wa madigadi ya kushoto.

Alama hizo hueleza zaidi ya rangi. Kwa mfano, Mustang ya 1965 yenye alama 26 ilitoka na viti vyeusi vya kawaida, ilhali alama 66 ni nyeusi pia, lakini ya mapambo ya kifahari yenye farasi wanaokimbia kwenye migongo ya viti. Muuzaji akifunga viti vya farasi kwenye gari la alama 26, rangi itakuwa sahihi na gari litakuwa si sahihi.

Kwa Chrysler, Plymouth ya 1970 yenye alama H6X9 ilikuwa na viti viwili vya mbele vilivyotengana, vya daraja la juu, vya vinaili nyeusi. Vinaili ni ile ngozi ya bandia. Mwisho ukiwa B5, ndani ni buluu; ukiwa F8, ni kijani. Zipo pia alama za rangi mbili, kama XW, ambapo viti ni vyeupe ilhali zulia na dashibodi ni vyeusi. Fundi asiyejua hilo anaweza kuweka zulia jeupe akidhani anatengeneza.

Kibati chenyewe chaweza kughushiwa, maana vibati vipya hutengenezwa na kuuzwa. Kwa hiyo mnunuzi makini hutafuta shahidi wa pili.

Shahidi huyo mara nyingi ni karatasi ya kiwandani, iliyowaelekeza wafanyakazi vifaa vya kufunga katika kila gari. Karatasi hizo zilisahaulika ndani ya magari, na hadi leo mafundi huzikuta zimenasa kwenye springi za kiti cha nyuma, chini ya zulia au juu ya tangi la mafuta.

Kwa Ford za kuanzia 1967, kampuni ya Marti Auto Works ya Arizona huuza ripoti zinazotokana na kumbukumbu za kiwanda. Kwa Pontiac za kuanzia 1961, ipo huduma ya PHS. Mwenye Chevrolet iliyouzwa Marekani ana kazi ngumu zaidi, kwa kuwa kumbukumbu za aina hiyo kwa sehemu kubwa hazikuhifadhiwa. Huko kibati na karatasi hubeba uzito wote.

Usiamini kile unachokiona juu

Baada ya kujua jina la rangi, kazi inayofuata ni kuipata yenyewe. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Vinaili ya miaka ya 1960 si rangi ileile iliyotoka kiwandani. Jua huunguza rangi, na joto hufukuza mafuta ya kemikali yanayoilainisha. Mafuta hayo ndiyo hutanda kama ukungu ndani ya kioo cha mbele. Yakiisha, vinaili hukauka, husinyaa na kupasuka. Nyeupe hugeuka ya njano, na zulia jekundu hupauka.

Mwenye gari akikata kipande cha juu ya kiti na kukipeleka kwa fundi rangi, atapewa nakala safi kabisa ya rangi iliyochakaa. Akishafunga spea mpya pembeni, tofauti itaonekana kutoka mlangoni.

Sampuli ya kweli iko pale ambapo jua halikufika: chini ya kiti cha nyuma, ndani ya mishono, nyuma ya kishikio cha mlango, chini ya vibao vya chuma vya kizingiti, na ndani ya kisanduku cha dashibodi. Sehemu hizo husafishwa kwanza, maana nusu karne ya vumbi na moshi wa sigara nayo hubadili rangi.

Sampuli ikipatikana, inaweza kusomwa kwa spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu. Maduka ya rangi huitumia kutafuta mchanganyiko unaokaribiana. Tofauti kati ya rangi mbili hupimwa kwa kipimo kiitwacho Delta E. Ikikaribia 1, jicho la kawaida huona kwa shida.

Hata hivyo, mashine haimalizi kazi. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa madini tofauti zinaweza kulingana chini ya taa ya karakana na kuachana juani. Fundi mzoefu hulinganisha vipande mara mbili au zaidi: nje mchana, na ndani chini ya taa. Visipolingana pote, huchanganya upya.

Rangi moja, vifaa vingi

Ugumu mwingine ni kwamba ndani ya gari hakuna kifaa kimoja. Viti ni vinaili, dashibodi ni chuma kilichopakwa rangi, vifuniko vya pembeni ni plastiki ngumu, zulia ni nyuzi, mikanda ni kitambaa kilichofumwa. Kila kimoja hupokea mwanga kwa namna yake.

Kiwanda kililijua hilo. Sehemu nyingi za juu ya dashibodi zilipewa mng'ao mdogo ili zisimrudishie dereva mwanga usoni kutoka kwenye kioo. Fundi akichanganya buluu sahihi lakini akaipiga yenye mng'ao wa bodi ya nje, kila mtu atasema rangi si yenyewe. Rangi ni yenyewe. Kilichokosewa ni mng'ao.

Tofauti nyingine hutokana na biashara ya spea. Viti vyaweza kutoka kwa mtengenezaji mmoja, kama Legendary Auto Interiors wa jimbo la New York, na zulia kwa mwingine, kama Auto Custom Carpets wa Alabama. Kila mmoja hulinganisha na sampuli yake. Anayeagiza kila kifaa kwa jina la rangi tu, bila kuomba vipande vya mfano kwanza, huweza kupata "kijani" tatu ndani ya gari moja.

Njia salama ni kuagiza vipande kutoka kwa wauzaji wote, kuvilinganisha na sampuli ya chini ya kiti, kisha kufunga kile kisichoweza kupakwa rangi, kama zulia na viti. Dashibodi na plastiki huja mwisho, kwa sababu hizo zinaweza kupakwa zifuate viti. Anayeanza na dashibodi atalazimika kuirudia.

Plastiki na vinaili vya zamani vilivyo vizima huweza kupigwa rangi maalumu. Ni lazima kwanza vioshwe hadi mafuta yote ya kung'arisha yatoke, maana silikoni ikibaki rangi hufanya vishimo au hubanduka. Kisha hupigwa tabaka nyembamba. Tabaka nene hufunika vinyweleo vya vinaili, na mnunuzi huigundua kwa kidole.

Hesabu ya mfanyabiashara

Tuchukue hesabu ya mfano. Mfanyabiashara amenunua gari dola 50,000 akitarajia kuliuza dola 60,000. Ndani ni nyeusi na inapendeza. Siku ya kuandaa mauzo anasoma kibati na kukuta F8. Gari lilitoka na viti vya kijani.

Sasa ana njia mbili. Akirudisha kijani, tuseme viti, paneli za milango, zulia, dari na kazi ya mafundi vimgharimu dola 9,000. Faida inabaki dola 1,000, kabla ya ada ya mnada na usafiri. Akiuza na nyeusi yake, hana budi kuitaja, na mnunuzi atapunguza bei kwa kiasi hicho hicho au zaidi.

Kosa halikufanyika karakanani. Lilifanyika siku ya kununua, kwa kutosoma kibati cha ukubwa wa kiganja.

Kisa cha namna hiyo si cha ajabu. Kwa miaka mingi magari haya yalikuwa ya mitumba tu, na mwenye gari aliweka rangi aliyoipenda. Nyeusi ilipendwa kwa kuwa ni rahisi kuipata na haionyeshi uchafu. Leo kijani na dhahabu, zilizowahi kudharauliwa, ndizo zinazolithibitisha gari lililotoka nazo.

Kuna pia hasara ya upande wa pili: kukarabati kisichohitaji. Kiti cha asili chenye mikunjo lakini kisichopasuka kinaweza kuwa na thamani kuliko kipya, kwa kuwa hakiwezi kutengenezwa tena. Katika maonyesho ya Muscle Car and Corvette Nationals, yanayofanyika Rosemont karibu na Chicago kila Novemba, magari ambayo hayajakarabatiwa yana sehemu yao, na hukaguliwa kwa heshima. Kusafisha na kushona uzi uliokatika huenda kukatosha.

Kwa anayeingia soko hili na mtaji mdogo, mpangilio ni huu. Soma kibati kabla ya kutaja bei. Tafuta karatasi ya pili inayokubaliana nacho. Inua kiti cha nyuma uone rangi iliyofichwa. Tazama ndani mchana, si chini ya taa za ukumbi. Kisha toa gharama ya kila kisicholingana kwenye bei utakayotoa.

Baada ya kununua, weka picha za sampuli, risiti za vifaa na kipande cha vinaili ya asili katika bahasha moja, uikabidhi kwa mnunuzi anayefuata. Bahasha hiyo haina uzito, lakini ndiyo itakayojibu maswali siku ya mnada. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.