Paka na Mtoto Anayepiga Chafya

Katika mji wa Bukavu, kando ya ziwa Kivu, usiku kuna baridi. Watu hufunga madirisha mapema. Paka naye huingia ndani kutafuta mahali pa joto, na mara nyingi mahali hapo ni blanketi ya mtoto. Paka analala. Mtoto halali. Macho yanamwasha, makamasi yanatiririka, anapiga chafya mara kumi. Kukipambazuka anakwenda masomoni, na huko apata nafuu kidogo. Jioni akirudi nyumbani, mambo ni yale yale.

Majirani husema mengi. Mmoja asema ni mafua. Mwingine asema mtoto amelogwa, kwa sababu wadogo zake hucheza na paka yule yule wala hawaoni shida. Sivyo. Ugonjwa huo wajulikana sana, na jina lake ni aleji. Jina hilo lilitungwa mwaka 1906 na mganga wa mji wa Vienna, nchi ya Austria, aliyeitwa Clemens von Pirquet. Alilitoa katika maneno mawili ya Kigiriki: la kwanza maana yake «nyingine», la pili «kazi». Alichagua vema, maana mwili wa mtoto huyo wafanya kazi kwa namna nyingine.

Ndani ya mwili mna walinzi. Vijidudu vya ugonjwa vikiingia, walinzi hupigana navyo. Lakini kwa watu wengine walinzi hao hukosea. Wanakutana na kitu cha paka kisicho na sumu, wanadhani ni adui. Ndipo pua yatoa maji, macho yavimba, na pengine njia za hewa kifuani zabanwa. Mtoto hana kosa. Hajifanyi mgonjwa ili asifagie nyumba.

Kitu hicho cha paka ni nini? Wengi hujibu: manyoya. Basi, watoto, tazameni paka akiisha kula. Anakaa juani, anatoa ulimi, anajilamba mgongo, tumbo, miguu, tena mgongo. Kitu kile kimo katika mate yake, na katika mafuta ya ngozi yake pia. Mate yakikauka juu ya manyoya yanakuwa vumbi, na vumbi laruka. Chembe zake nyingi ni ndogo sana: ukizipanga 200 katika mstari mmoja, mstari hautapita milimita moja. Kwa hiyo hazianguki upesi. Zaelea hewani saa nyingi, zashika ukuta, godoro na nguo. Mwenye paka nyumbani huzichukua katika sweta yake mpaka masomoni, na rafiki anayeketi karibu naye, asiye na paka kabisa, anaanza kupiga chafya! Paka awe mweupe au mweusi, wa manyoya marefu au mafupi, wote hujilamba.

Je, paka afukuzwe? Si neno jepesi. Nyumba yenye gunia la mahindi na gunia la maharagwe yamhitaji, maana panya hawangoji mtoto apone.

Kwanza, paka asiingie kamwe katika chumba anamolala mgonjwa, hata mchana. Alale katika kikapu chake jikoni au ghalani, karibu na panya wake. Ufagio mkavu hurusha vumbi lote juu. Afadhali kupangusa kwa kitambaa chenye maji, na hapa kweli mgonjwa asifagie yeye. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Mchana madirisha yafunguliwe. Aliyemshika paka anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho. Kumwosha paka mwenyewe hakufai sana: baada ya siku chache vumbi limerudi, na mwoshaji amebaki na mikwaruzo.

Mganga wa hospitali ana vidonge vya kutuliza chafya na mwasho. Kwa pumu ana dawa ya kuvuta kwa kinywa. Dawa hizo hutuliza, haziondoi aleji.

Lakini kuna usiku usiofaa kungojea asubuhi. Mtoto akipumua kwa shida, ngozi ikiingia katikati ya mbavu, akishindwa kumaliza maneno yake, au midomo ikigeuka rangi ya samawati, wazazi wampeleke hospitali saa ile ile. Na pumu ya namna hiyo ikiwa yaletwa na paka, paka apewe shangazi au jirani, hata kama watoto wengine watalia.

Siku ya kuondoka kwake si siku ya kupona. Vumbi lake hubaki nyumbani miezi minne, pengine sita au zaidi. Kuta zipanguswe, blanketi zifuliwe, godoro litolewe nje. Mahindi nayo yatiwe katika pipa lenye kifuniko kizito, na mtego uwekwe karibu.