Mlinzi wa ghala naye ahitaji choo: Maranda, pumba za mpunga au magunzi?

KILA mavuno yanapokamilika katika nyanda za juu za Ufipa, kazi ya mkulima haiishi. Inahama tu kutoka shambani kwenda ghalani. Mahindi, maharage, ulezi na ngano vikishaingia ndani, adui naye huingia, na kwa familia nyingi za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo adui huyo ni panya.

Dawa ya panya inayofahamika tangu enzi za mababu ni paka. Mfanyabiashara wa nafaka mjini Sumbawanga humfungia paka stoo jioni na kumfungulia asubuhi, na mkulima wa kijijini humwacha alale kandokando ya vihenge. Gharama yake ni ndogo: mabaki ya ugali, dagaa kidogo na maji.

Hata hivyo, kuna gharama moja ambayo wengi hawaihesabu. Paka aliyefungiwa usiku kucha naye hujisaidia, na kwa kuwa kwa asili hufukia kinyesi chake, hutafuta mahali penye vitu laini vinavyofukulika. Ndani ya stoo yenye sakafu ya saruji, mahali hapo ni rundo la nafaka. Ulezi, ambao punje zake ni ndogo kama mchanga, ndio ulio katika hatari zaidi, ukifuatiwa na mahindi yaliyomwagwa chini yakisubiri kufungwa magunia.

Hapo ndipo mlinzi anapogeuka kuwa mharibifu. Mnunuzi akifungua gunia akakuta harufu ya mkojo wa paka, hatapunguza bei ya gunia hilo tu, bali atatilia shaka shehena nzima. Viwango vya mahindi vya Afrika Mashariki vinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na pia vinataka nafaka iwe safi, isiyo na uchafu wala harufu ngeni. Mkulima anayetaka kuwauzia wanunuzi wakubwa, ukiwamo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) wenye kanda yake Sumbawanga, hawezi kulipuuza jambo hilo.

Kumfukuza paka si jibu. Makadirio ya watafiti wa panya nchini yanaonyesha kuwa wadudu hao wa miguu minne huharibu kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi kwa mwaka, na katika miaka ya mlipuko hasara huwa kubwa zaidi. Kutumia sumu huku ukifuga paka nako ni kujidanganya, kwani paka akila panya aliyekula sumu naye hudhurika. Jibu rahisi ni kumpatia choo chake, yaani beseni au karai lenye matandiko makavu. Swali ni matandiko gani.

Ilikoanzia biashara hii

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, wafugaji wa paka wa Marekani na Ulaya walitumia mchanga au majivu, kama ilivyo kwa wengi hapa kwetu. Mwaka 1947 mfanyabiashara wa jimbo la Michigan, Edward Lowe, alimpa jirani yake udongo mkavu wa mfinyanzi wenye uwezo mkubwa wa kunyonya. Paka waliupenda, naye akaanza kuufunga kwenye mifuko na kuuza. Katika miaka ya 1980 ulikuja udongo wa bentonaiti, ambao ukilowa hushikamana kuwa donge linalozolewa kwa urahisi.

Udongo huo una kasoro mbili. Huchimbwa ardhini kwa mashine, na ukishatumika hauozi, hivyo hurundikana madampo. Kutokana na hali hiyo, viwanda vya Marekani viligeukia mazao ya shambani. Leo kuna matandiko ya paka yanayotengenezwa kwa mahindi katika jimbo la Iowa na mengine kwa ngano huko Minnesota. Aidha, yapo ya vumbi la mbao lililoshindiliwa na ya karatasi.

Msomaji wa Ufipa atatambua mara moja kuwa malighafi hizo zimejaa mlangoni kwake. Mfuko wa kutoka ng'ambo hauna sababu ya kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga, wakati seremala wa jirani anachoma maranda na mwenye mashine ya kukoboa hajui apeleke wapi pumba.

Maranda ya mbao

Kwa mkazi wa mjini Sumbawanga, maranda ndiyo yanayopatikana kwa urahisi zaidi. Hunyonya mkojo vizuri, ni mepesi, hayaumizi nyayo na huoza yakifukiwa. Wafugaji wa kuku wameyatumia kwa miaka mingi.

Anayechagua maranda azingatie mambo matatu. La kwanza, yatoke kwenye mbao isiyotiwa dawa ya kuzuia mchwa wala rangi. La pili, yawe makavu. Maranda ya mbao mbichi ya paina yana harufu kali inayoweza kumfanya paka akatae choo, hivyo yaanikwe juani siku kadhaa. La tatu, yasiwe na vumbi jingi. Vumbi la mbao kama mninga huwasha pua na kifua cha binadamu, na paka huinamia choo chake kwa karibu zaidi kuliko binadamu. Kuyachekecha kwa chekeche la kawaida kunatosha kuondoa vumbi.

Pumba za mpunga

Mpunga haulimwi sana juu Ufipa, bali chini katika Bonde la Ziwa Rukwa, kwenye maeneo kama Mtowisa, Muze na Ilemba. Maganda ni karibu moja ya tano ya uzito wa mpunga, maana yake gunia la kilo 100 huacha takriban kilo 20 za maganda.

Hapa kuna mtego. Maganda matupu hayana chakula, hivyo hayavuti panya wala wadudu. Lakini mashine nyingi ndogo za kukoboa hutoa maganda yakiwa yamechanganyika na pumba laini na chenga za mchele. Mchanganyiko huo ni chakula. Mtu akiujaza kwenye beseni na kuuweka stoo, atakuwa amewaandalia panya karamu chini ya pua ya paka. Achague maganda makubwa, makavu na yaliyopepetwa.

Kasoro nyingine ni kwamba ganda la mpunga lina madini ya silika, yaleyale yaliyo kwenye mchanga, hivyo halinyonyi haraka na huchelewa kuoza. Mkojo hupita na kutuama chini ya beseni. Dawa yake ni kutandaza vumbi la mbao au magunzi yaliyosagwa chini, kisha maganda juu.

Magunzi ya mahindi

Kwa mkulima wa kijijini, iwe Laela, Mpui au Matai, magunzi hayana mshindani kwa wingi. Gunzi kavu hunyonya vizuri na huoza, ila zima halifai. Ni lazima lisagwe hadi kufikia ukubwa wa punje za mchele, kwa mashine ya kuparaza chakula cha mifugo au kwa kutwangwa kinuni.

Magunzi yaliyoota ukungu yatupwe. Ukungu wa mahindi ndio chanzo cha sumukuvu, ambayo mwaka 2016 ilisababisha vifo vya watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Paka hujilamba nyayo kila atokapo chooni, hivyo kilicho kwenye beseni huishia tumboni mwake. Kwa sababu hiyohiyo mahindi yaliyooza yasisagwe kwa kazi hii, na mahindi mazima yabaki kuwa chakula cha watu.

Pia ipo hesabu ya kiuchumi. Sehemu kubwa ya Ufipa ni mbuga ya nyasi yenye miti michache, na kaya nyingi hupikia magunzi. Gunzi linaloingia chooni ni gunzi lililotoka jikoni. Mwenye magunzi ya kutosha hadi mavuno yajayo anaweza kuyatumia, lakini anayenunua kuni hana budi kufikiri mara mbili.

Mchanga na majivu

Mchanga haugharimu kitu na paka huupenda, lakini ni mzito, haunyonyi na hauozi. Majivu ndiyo mabaya zaidi ingawa ndiyo yaliyozoeleka. Majivu ya kuni yana magadi yanayochubua nyayo na, yakilowa mkojo, huongeza kasi ya kutoka kwa hewa ya amonia, ile harufu inayochoma pua. Anayeyatumia kuondoa harufu anaiongeza.

Hesabu ya mwaka mmoja

Beseni la sentimita 40 kwa 30, likijazwa kina cha sentimita 5, huchukua lita 6 za matandiko. Debe moja la lita 20 hujaza mara tatu. Matandiko yakibadilishwa yote kila wiki, na kuongezwa kidogo kila siku baada ya kuzoa kinyesi, paka mmoja atatumia takriban madebe mawili kwa mwezi, au 24 kwa mwaka. Kwa kipimo cha madebe sita kwa gunia, hayo ni magunia manne.

Magunia manne ya maganda ya mpunga yana uzito wa kati ya kilo 50 na 70 tu. Mchanga wa ujazo huohuo unazidi kilo 700, na wote utabebwa kuingia na kutoka. Mfanyabiashara na achukue bei ya magunia manne ya maranda mtaani kwake, ailinganishe na bei ya gunia moja la ulezi lililokataliwa kwa harufu. Jibu litajitokeza lenyewe.

Wepesi huo una upande wa pili. Maranda na pumba hujaza gari kabla ya kulitia uzito, na mwenye gari hutoza nafasi. Ndiyo maana haina faida kupandisha maganda ya mpunga kutoka Bondeni kupitia milima ya Lyambalyamfipa kwa ajili ya choo cha paka. Kanuni ni moja: kila mtu atumie kinachozalishwa karibu naye. Mkazi wa Bondeni atumie maganda ya mpunga, wa mjini maranda, na wa kijijini juu magunzi ya ziada. Anayefikiria biashara aanze na wafugaji wa kuku, ambao ni wengi na hununua kwa magunia. Wenye paka watafuata nyuma yao.

Kuzoa kila siku ni kinga

Paka anayekula panya anaweza kuambukizwa kimelea kiitwacho Toxoplasma gondii. Kwa kawaida, baada ya maambukizi ya kwanza hutoa mayai ya kimelea hicho katika kinyesi kwa wiki moja hadi tatu. Mayai hayo hayaambukizi mara yanapotoka. Huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Kinyesi kikizolewa kila asubuhi, hatari nyingi huondoka kabla haijaiva.

Mjamzito asiifanye kazi hiyo, kwa kuwa kimelea hicho kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Anayeifanya anawe mikono kwa sabuni. Wafugaji nao wanahusika, kwani mbuzi na kondoo wanaokula malisho yaliyochafuliwa na kinyesi cha paka hutupa mimba. Beseni lisiwekwe karibu na majani ya mifugo, wala juu ya nafaka.

Wafipa hawana haja ya kufundishwa kuozesha. Kilimo cha intumba, yaani kufukia nyasi ndani ya vichuguu vya udongo ili zioze na kurutubisha shamba, ni maarifa yao ya muda mrefu. Ila matandiko ya paka yasifukiwe kwenye bustani ya mboga wala intumba ya maharage, kwa sababu mayai ya kimelea huweza kuishi ardhini zaidi ya mwaka. Yafukiwe kwenye shimo lenye kina, mbali na kisima, mahali panapotarajiwa kupandwa miti ya mbao, au yatupwe kwenye choo cha shimo.

Kwa asiye na uhakika, jaribio la wiki moja linatosha. Aweke mabeseni mawili, moja la maranda na jingine la magunzi au maganda, kisha aone paka anaenda lipi. Matandiko bora ni yale ambayo paka mwenyewe atakubali kuyatumia, kwani akiyakataa atarudi kwenye ulezi.

Muda wa kujiandaa ni sasa hivi kiangazi kikiwapo. Mvua za Ufipa huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na wakati huo maranda makavu huwa adimu kama kuni kavu. Magunia manne yaliyoanikwa na kuhifadhiwa mahali pakavu kabla ya mvua yatamfikisha mtu hadi mavuno mengine, huku ulezi wake ukiwa salama.